Farasi Kumi na Mmoja Niliomsingizia Sefu

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mbuba.

Leo manyunyu yameanza tangu alfajiri, yale yasiyo na haraka, na vilima vya upande wa Kibimba sijaviona kutwa nzima. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mgongo unauma, viganja vinanuka mpira na grisi hata baada ya kunawa mara tatu, na mezani kuna madaftari ya kidato cha pili ambayo sitayagusa.

Nimechoka. Si uchovu wa safari tu.

Niseme kwanza lililo gumu, maana nikilizungukazunguka litanishinda. Nilimwita mtu mwizi, na hakuiba. Nilimwita hivyo mbele ya watu, na leo nimejua kwamba hapakuwa na wizi wowote.

Mtu mwenyewe ni Sefu, fundi magari hapa Mbuba. Ni mzaliwa wa Biharamulo mjini, ukoo wa wafanyabiashara ambao babu yao alitoka pwani na mizigo ya nguo akalowea huko. Miaka kumi iliyopita alikuja huku akajenga banda la mabati, akaanza na pikipiki, kisha magari. Kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao, watu wa hapa wanamwita Mswahili, na neno hilo hulitamka kwa tabasamu dogo, maana yake ni mtu wa maneno mengi, ukiwa naye shika mfuko wako. Sijawahi kumsikia Sefu akisema maneno mengi. Lakini jina likishabandikwa, nani anayekagua?

Mimi nafundisha fizikia. Hilo nalo lina sehemu yake katika kosa hili.

Gari langu ni dogo, injini ya lita moja, na lilifika kwangu likiwa limeshakula chumvi nyingi. Shida yake ni tumbo: liko chini, na barabara zetu za vilimani zina mawe yaliyochongoka. Mwezi wa sita mpwa wangu aliyeko Mwanza alinitumia kidude cha kupimia. Unakichomeka chini ya usukani, kinazungumza na simu. Unakitajia uzito wa gari na ukubwa wa matairi, halafu unatafuta lami iliyonyooka isiyo na watu, unakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde chache, na simu inakupigia hesabu ya nguvu inayofika barabarani. Gari langu lilipata nguvu za farasi sitini na mbili. Nilifurahi kama mama aliyetoka kliniki akiambiwa mtoto ameongezeka uzito.

Mwezi wa nane, kwa muuza matairi wa Biharamulo mjini, nikapata rimu nne za inchi kumi na tano pamoja na matairi yake makubwa. Yangu yalikuwa ya inchi kumi na tatu, membamba kama ya toroli. Nikafunga makubwa siku hiyo hiyo. Gari likanyanyuka, nami nikajiona mtu. Yale madogo nikayaacha kwa mama yangu, kijijini Nemba. Mama alitoka nje na mkongojo wake, akalizunguka gari taratibu, akasema kwa Kisubi chetu kwamba limevaa viatu vya baba yake. Nilicheka. Mama ana miaka themanini na hajawahi kushika usukani, kwa hiyo nilimchukulia kama mzee anayetafuta la kusema.

Siku tatu baadaye nikalipeleka gari kwa Sefu kubadili oili na plagi na kusafisha nozeli, vile vidude vinavyorusha mafuta ndani ya injini. Lililala kwake siku mbili. Nilipolichukua, halikuvuta. Kilima cha kuingia kwetu, ambacho lilikuwa likikipanda kwa gia ya tatu bila manung'uniko, sasa lilidai ya pili, na hata kwa ya pili lilipanda kwa kukohoa.

Nikachomeka kidude. Hamsini na moja. Nikarudia siku ya pili asubuhi, lami ile ile. Hamsini na moja.

Farasi kumi na mmoja wametoroka, na aliyekuwa na ufunguo wa zizi ni Sefu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kila mwenye gari huku ana hadithi ya fundi aliyechomoa nozeli nzima akaweka kuukuu. Hadithi hizo tunazisimuliana misibani tukisubiri jeneza, na anayesikiliza huongeza ya kwake. Yangu ilikuwa imeshashonwa, ilisubiri mtu wa kuivaa tu.

Sikumuuliza Sefu.

Hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine. Banda lake liko hatua mia tatu kutoka getini kwangu. Ningeweza kwenda kwa kandambili nikamwambia, Sefu, gari halivuti, hebu liangalie. Badala yake nikasubiri Jumapili.

Jumuiya yetu ya sala hukutana Jumapili jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Baada ya sala huja matangazo: nani amelazwa, nani amefiwa, mbuzi wa nani hajaonekana. Mwenyekiti wetu, Mama Edita, aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama mimi.

"Wapendwa, mlio na magari na pikipiki, muwe macho na fundi wetu. Mimi nimepima kwa chombo. Ameninyofolea injini."

Nimepima kwa chombo. Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Angeyasema mwingine, watu wangesema ni umbeya. Lakini Mwalimu amepima, na Mwalimu ndiye anayewafundisha watoto wao kupima. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alitikisa kichwa akasema, "Mswahili ni Mswahili tu." Watu wakaguna kukubali. Sikumkatiza. Hata mimi si mtu wa hapa, ni Msubi wa Biharamulo, nilitakiwa kulijua neno hilo linakopeleka. Sefu ni Mwislamu, hawezi kuwepo kwenye jumuiya yetu, hawezi kunyoosha mkono akajibu. Nikiwa mkweli, nadhani hilo nalo lilinipa ujasiri.

Wiki iliyofuata pikipiki ya katekista ilihamia kwa fundi mwingine. Kisha wenye pikipiki wa Kibimba wakaacha kupita kwake. Kisha mkuu wa shule yetu akaniuliza kwa sauti ya chini kama gari la shule liendelee kutengenezwa pale, nikainua mabega. Kuinua mabega tu kulitosha. Mwezi wa kumi nikaanza kuona mlango wa banda umefungwa mpaka saa tano, na mwanzoni mwa mwezi huu nikasikia kwamba Sefu anafunga banda, anarudi Biharamulo kumsaidia kaka yake dukani, kupimia watu vitenge. Fundi wa miaka kumi.

Nilisikia, nikaendelea kusahihisha.

Alhamisi hii nilikwenda Kibimba kumpongeza mwalimu mwenzangu aliyejifungua. Jiwe moja la barabarani lilipasua matairi mawili ya kushoto, yote ubavuni. Tairi likichanika ubavuni halina dawa. Fundi pancha aliweka viraka kwa ndani akanionya nisiende nayo mbali. Matairi ya ukubwa ule kwa huku hayapatikani siku yoyote uitakayo. Ndipo nikayakumbuka yale madogo.

Leo asubuhi nikaenda Nemba kwa mwendo wa maziko, nikisikiliza kila mlio.

Kwa mama nikakuta tairi moja lina mpangaji. Kuku alikuwa ameatamia mayai tisa ndani yake, na mama akakataa katakata asisumbuliwe. Tulibishana kama nusu saa, mimi nikiwa nimelowa. Mwishowe tukamhamishia kuku kwenye karai lililotoboka, na majani yake na mayai yake, akanitazama kwa jicho ambalo mama alisema nimelistahili. Nikapiga jeki kwenye tope. Mama akaketi kwenye kigoda mlangoni akishika nati zangu kwenye bakuli, akizihesabu kwa sauti kila nilipomwomba moja. Nilipomaliza la nne, bakuli lilikuwa tupu. Aliniwekea mikungu mitatu ya ndizi kwenye buti, akaniambia nimekonda.

Nilianza kuhisi jambo nilipokuwa bado kwenye lami ya upande wa Biharamulo. Gari lilikuwa jepesi. Nikigusa mafuta, linaitika. Nilijua na sikutaka kujua. Nikafika kwenye kipande kilichonyooka, nikatazama mbele na nyuma, nikachomeka kidude, nikakanyaga.

Sitini na moja.

Na ile moja iliyopungua ni ndizi za mama.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nikaegesha pembeni, nikawasha taa za tahadhari, nikaiangalia simu. Juu kabisa, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa ukubwa wa matairi: inchi kumi na tatu. Nilikuwa nimeandika hivyo mwezi wa sita. Sikubadilisha nilipofunga makubwa. Wala haikunijia kichwani kwamba ilipasa kubadilishwa.

Kidude hakioni barabara. Kinahesabu jinsi gurudumu linavyozunguka, kisha kinazidisha kwa ukubwa ulioutaja. Tairi kubwa likizunguka mara moja hula barabara zaidi, na yale yangu yalikula karibu sehemu moja ya kumi zaidi ya madogo. Kwa hiyo nilipokuwa nakimbia kweli, chenyewe kiliamini natembea. Na kwa kuwa nguvu huhesabiwa kwa mwendo na vilevile kwa jinsi mwendo unavyoongezeka, kosa liliingia mara mbili. Nimepiga hesabu hiyo kwa penseli nyuma ya bahasha. Sitini na mbili inageuka hamsini na moja. Inatia aibu jinsi inavyotoka sawasawa.

Na kile kilima? Huko gari lilichoka kweli, si kwa mizani ya simu tu. Gurudumu kubwa ni sawa na kupandishiwa gia bila kuulizwa: kwa mwendo ule ule injini inazunguka polepole kuliko inavyopenda, na kwenye mlima inaishiwa pumzi. Tena kila gurudumu jipya lilikuwa zito kuliko la zamani kwa kama kilo sita. Leo nimeyabeba yote kwa mikono yangu, najua. Injini ilikuwa ile ile. Nozeli zilikuwa zile zile. Farasi wote walikuwa zizini wanakula majani.

Hata mita ya kilomita ilikuwa inaniambia. Tangu mwezi wa nane safari ya kwa mama ilikuwa inasoma kama kilomita kumi pungufu, na mimi, mwalimu wa fizikia, nikajisemea labda wamenyoosha kona.

Kila mwaka, kipindi cha kwanza, nawaandikia wanafunzi ubaoni: kagua kipimo kabla hujapima. Nimeandika hivyo kwa miaka kumi na tisa. Naijua kwa mkono, nadhani kichwani haikuwahi kufika.

Sasa niandike na hili, maana nimeahidi kwamba hapa sitajipamba. Kutoka pale nilipoegesha mpaka karibu na kwetu nilikuwa nafikiria kunyamaza. Sefu anaondoka mwisho wa mwezi. Hakuna mwingine huku anayeelewa kidude kile. Ningeweza kusema gari lilitengenezwa Biharamulo likapona. Nilifikiria hata kuyatafuta matairi mengine makubwa, niyafunge, kilima kiendelee kunisumbua na mimi niendelee kuwa na haki. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikipanga kupanda mlima kwa shida maisha yangu yote ili nisiseme nimekosea.

Gari lilipanda kilima chetu kwa gia ya tatu, bila hata kukohoa. Nikapita getini kwangu sikukata kona. Nikaenda bandani kwa Sefu.

Alikuwa juu ya ngazi anang'oa misumari ya mabati. Aliponiona alishuka, akafuta mikono kwenye koti lake la kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Miezi mitatu nimemwita mwizi, na bado ananiamkia. Marahaba ilinitoka kwa shida.

Yeye hakunitazama mimi. Alitazama chini, magurudumu, moja baada ya jingine, kama daktari anavyotazama miguu ya mgonjwa kabla ya kumuuliza.

"Umerudisha madogo."

"Nimerudisha."

"Inavuta?"

"Inavuta, Sefu."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaanza kueleza. Kidude, mizunguko, inchi, kosa linaloingia mara mbili. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa. Aliniacha nimalize.

"Siku ile unaileta, nilikwambia," akasema. "Nikasema Mwalimu, haya matairi ni mazito kwa lita moja, milimani yatakusumbua. Ukanijibu, wewe fanya plagi."

Nilikuwa nimesahau. Nilipolisikia tu nikakumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi, na kwamba nilisema hivyo nikiwa natazama simu.

Nikamwomba anisamehe. Nilisema jinsi mama alivyonifundisha kuomba radhi, kwa mikono miwili. Sefu alikaa kwenye tairi la trekta lililobaki mlangoni. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mimi nimeshasamehe, Mwalimu. Sina kinyongo na wewe, Mungu anajua. Lakini hii habari unaniletea mimi." Akachukua msumari uliopinda akaugeuzageuza. "Mimi nilikuwa najua kwamba sikuiba. Kawaambie wasiojua."

Nikamuuliza kama nikiwaambia atabaki. Akasema hajui. Mke wake ameshatangulia Biharamulo na vyombo. Kaka yake ameshamtengea meza. Akasema watu wakishazoea njia nyingine, hiyo ya zamani huota majani. Halafu akaniuliza mama yangu anaendeleaje, nikamwambia hajambo, nikampa mkungu mmoja wa ndizi. Aliupokea akashukuru. Akarudi juu ya ngazi.

Nimeketi hapa tangu hapo.

Kuandika humu ni rahisi. Wanaosoma shajara hii ya mtandaoni wako Dar, wako Dodoma, mmoja ananiandikia kutoka mbali huko kwenye baridi. Wa Mbuba sijawahi kumwona. Wengi wenu mtanitumia maneno mazuri kwamba nimekuwa jasiri. Tafadhali msifanye hivyo. Hapa ni kama bandani: nazungumza na watu ambao hawakuwepo Jumapili ile niliposimama.

Naogopa nini hasa? Naogopa nyuso za wazazi ninaowafundishia watoto. Naogopa mkuu wa shule. Naogopa yule mzee wa karibu na mlango, kwamba hata nikisema atatikisa kichwa na kusema Mswahili amemroga Mwalimu. Watu huamini baya kwa neno moja, jema wanataka mashahidi. Na naogopa kwamba nitasimama, nitasema, watanisifu kwa unyenyekevu wangu, kisha kila mtu ataendelea kupeleka pikipiki kule alikozoea, na Sefu ataondoka vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kusema ni yeye.

Kesho jumuiya iko kwa Mama Edita mwenyewe. Nimemtumia ujumbe kwamba wakati wa matangazo nina neno. Amejibu, "Karibu Mwalimu, wewe ndiye taa yetu." Nimeuzima mwanga wa simu nikaiweka kifudifudi.

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo cha chumbani. Mara ya kwanza nilianza na kidude. Mara ya pili nikaanza na mzunguko wa gurudumu, nikajikuta nachora duara hewani kwa kidole. Mara ya tatu nikaanza na jiwe la Kibimba. Kila mara nilikuwa nafundisha. Kila mara nilikuwa hodari. Watu wangetoka pale wamejifunza habari za matairi, na mtu wakamsahau.

Kwa hiyo kesho sitaeleza kitu. Nitasimama, nitasema, "Sefu hakuiba, mimi ndiye niliyemsingizia," na nitakaa chini. Habari za matairi waniulize wakitaka.